Sosi ya nyama choma kwa mwenye kisukari, presha, figo na asiyekula ngano: nyanya, ukwaju au hoho?

MzeeWaWavu

Wakuu, heshima zenu. Jumapili mbuzi na kuku vinapanda wavuni na meza ni moja. Yupo mwenye kisukari, yupo mwenye presha, yupo mwenye figo aliyeambiwa apunguze potasiamu, na yupo asiyegusa ngano kabisa. Sosi ya dukani nimeiondoa: nyingi zina sukari gramu 30 na ushee katika kila gramu 100, na sodiamu inakaribia miligramu 1,000. Ninapima njia tatu: nyanya, ukwaju, au pilipili hoho za kuchoma. Ipi inamfaa nani? Naomba vipimo kamili, "chumvi kiasi" hainisaidii.

Choma_Kajiado

Anza na nyanya, ndiyo inayokaribiana na ile watu waliyoizoea.

Nyanya mbivu kilo 1, zile ndefu zenye nyama nyingi na maji machache. Zipasue katikati, zipange kwenye wavu juu ya makaa, ngozi ikitazama chini, mpaka ngozi iungue na kuachia. Choma pamoja nazo kitunguu kikubwa kimoja (gramu 150 hivi) kilichokatwa mara nne na punje 4 za kitunguu saumu na maganda yake. Moshi huo ndio utakaokuwezesha kupunguza chumvi bila sosi kupooza. Menya, saga, chuja mbegu.

Rudisha jikoni, utie siki vijiko 4 vya chakula, tende 3 zilizolowekwa na kusagwa, paprika vijiko 2 vya chai, bizari nyembamba kijiko 1 cha chai, haradali ya unga kijiko 1 cha chai, pilipili manga nusu kijiko, mdalasini robo na chumvi robo. Moto mdogo, sufuria wazi, dakika 40 hadi 50. Koroga kila dakika tano, na zile kumi za mwisho usiondoke, maana ndipo inaposhika chini. Pitisha mwiko katikati: njia ikibaki wazi sekunde mbili, imeiva.

Utapata kama mililita 400, yaani vijiko 26 vya chakula. Kila kijiko kina sukari kama gramu 2 na sodiamu chini ya miligramu 30. Kijiko hicho hicho cha sosi ya dukani kina sukari gramu 5 au 6.

Mambo mawili yanayoharibu. La kwanza ni sufuria ya alumini. Asidi ya nyanya na siki inaila, sosi inakuwa na ladha ya bati na sufuria inatoboka vijidoa. Tumia ya stili au ya enameli. La pili ni kutia magadi ili kuua ukali. Magadi ni sodiamu ile ile unayoikimbia kwenye chumvi. Ukali ukizidi, kuna karoti moja upike ndani yake.

MamaLishe_Tanga

Nyanya sawa, lakini mishkaki bila ukwaju jamani?

Ukwaju uliotolewa kokwa gramu 100, maji ya moto mililita 300, uache dakika 20. Vuruga kwa mkono, chuja kwa chujio la waya, kisha yale makapi yatie maji mengine mililita 100 ukamue tena. Chemsha na kitunguu kimoja kilichosagwa, thomu punje 3, tangawizi mbichi ya ukubwa wa kidole gumba, bizari nyembamba na pilipili upendavyo. Dakika 15 basi. Ukwaju una pektini yake, ukipoa unajikaza wenyewe. Ukiupika mpaka uwe mzito jikoni, kesho utaukuta jamu. Hauhitaji unga, kwa hiyo asiyekula ngano hana shaka. Soma pakti tu, maana baadhi ya ukwaju wa kubanwa hutiwa chumvi.

Sasa mtego wake. Watu husema ukwaju hauna sukari kwa kuwa ni mchachu. Gramu 100 zina sukari zaidi ya gramu 50. Uchachu wa asidi ndio unaoificha. Kwa kipimo hiki sosi inatoka kama mililita 350, na kila kijiko cha chakula kina gramu 2 na nusu kabla hujaongeza chochote. Ukitia nusu kikombe cha sukari kama ilivyozoeleka kwenye mishkaki, umefika karibu gramu 7 kwa kijiko. Hapo umeshaipita ya dukani.

MzeeWaWavu

Shukrani sana dada. Na nikitia asali badala ya tende au sukari? Halafu huyu wa figo, ukwaju si ndio mbaya kwake kuliko zote? Kwa gramu una potasiamu zaidi ya nyanya.

Lishe_Mezani

Asali kwanza. Kijiko cha chakula cha asali kina sukari gramu 17, cha sukari nyeupe gramu 12 na nusu, kwa kuwa asali ni nzito zaidi kijikoni. Sukari guru nayo ni sukari yenye rangi. Tende zina sukari vile vile, ila tatu zikigawanywa kwa vijiko 26 si kitu cha kugombania. Stivia haina sukari, lakini haishiki rangi motoni na ikizidi inaacha uchungu ulimini, kwa hiyo itie sosi ikishaepuliwa, kidogo kidogo.

Kuhusu potasiamu, umesoma sahihi ila hujamaliza hesabu. Gramu 100 za ukwaju zina kama miligramu 630, nyanya mbichi kama 240. Lakini sosi ya Choma_Kajiado inakula kilo nzima ya nyanya, kisha inakaushwa. Maji yanaondoka, potasiamu inabaki. Jumla ni kama miligramu 2,700, sawa na 105 kwa kila kijiko. Ya ukwaju imetumia gramu 100 tu na kitunguu kimoja, haifiki 40 kwa kijiko. Ya hoho iko katikati, kama 50, ukitumia hoho gramu 400, nanasi gramu 150 na kitunguu. Kwa hiyo kwenye sahani, nyanya ndiyo nzito kuliko zote kwa mwenye figo, na nyanya ya kopo iliyokazwa inazidi: gramu 100 zina kama 1,000.

Hata hivyo, gramu 100 za nyama ya mbuzi iliyoiva zina kama miligramu 400. Vijiko viwili vya sosi ya ukwaju haviwezi kushindana na hilo. Mpimie nyama kabla hujabishana na sosi, kwa kiasi alichopewa na mtaalamu wake wa lishe.

Hatari yenyewe iko kwenye chumvi mbadala, ile inayouzwa kama chumvi ya watu wa presha. Nyingi zimetengenezwa kwa kloridi ya potasiamu. Mwenye presha ambaye figo zake ni nzima inaweza kumfaa. Mwenye figo, au anayemeza dawa za presha au moyo za jamii ya enalapril, losartan au spironolactone, potasiamu inaweza kupanda mpaka mapigo ya moyo yakavurugika. Meza ikiwa moja, isikanyage kabisa.

Na watu wa pwani, msije mkabadilisha ukwaju kwa birimbi mkidhani ni mambo yale yale. Birimbi lina oksalati nyingi sana, aina ya asidi inayoweza kuganda ndani ya figo, na figo iliyochoka hailiwezi.

Choma_Kajiado

Hapo umenishika. Nilikuwa nikiangalia sukari na chumvi peke yake. Basi ya nyanya iwe ya wenye kisukari na presha, wa figo asipewe.

Kaa_la_Moto

Niongeze ya hoho, maana imetajwa bila kupikwa.

Hoho nyekundu 3 kubwa, zichome nzima mpaka ngozi iwe nyeusi pande zote. Zitie kwenye bakuli, funika dakika 10, mvuke utaachisha ngozi. Menya kwa mkono mkavu. Ukizisuuza bombani unamwaga moshi wote ulioutafuta. Nanasi gramu 150, vipande vinene, choma mpaka vipate mistari. Kitunguu kimoja nacho choma. Saga vyote na siki vijiko 4 vya chakula, paprika kijiko 1 cha chai na pilipili manga. Chumvi usitie. Pika dakika 15.

Ubaya wake ni kwamba ikitulia inajitenga, maji juu, uji chini. Dawa ni kijiko 1 cha chai cha konifulawa kilichokorogwa kwa maji baridi, kisha ichemke dakika moja au mbili. Unga wa muhogo pia unafaa, ila uepue mara tu sosi inapong'aa, ukiendelea inavutika kama mlenda. Unga wa ngano ndio usiingie. Mchuzi wa soya nao usiingie: wa kawaida hutengenezwa na ngano, na kijiko kimoja cha chakula kina sodiamu kama miligramu 900. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni 2,000 kwa siku nzima.

Kuna ya nne mmeisahau, ya siki tupu, ile inayoliwa na nyama ya nguruwe mashariki mwa North Carolina kule Marekani. Siki nyeupe mililita 250, pilipili kavu iliyopondwa kijiko 1 cha chakula, pilipili manga kijiko 1 cha chai, na chumvi robo kijiko cha chai au usitie kabisa. Tikisa, acha usiku kucha. Sukari karibu hakuna, potasiamu karibu hakuna. Ni nyepesi kama maji, kwa hiyo haishiki kwenye kuku. Nyunyiza juu ya mbuzi aliyekwisha kukatwakatwa. Siki ya shayiri usiitumie kwa huyo asiyekula ngano, maana shayiri ina gluteni, protini ya jamii ile ile iliyo kwenye ngano. Na mwenye vidonda vya tumbo au kiungulia hii aipite mbali, achukue ya hoho, tena siki ipunguze iwe vijiko 2.

Kuhusu moto: sosi yoyote yenye tende, nanasi au ukwaju usiipake mwanzo. Sukari ya matunda inaungua mapema, nje panakuwa mkaa na ndani nyama mbichi. Ivisha nyama kwanza, sogeza makaa pembeni, paka dakika 5 hadi 8 za mwisho, mikono miwili myembamba. Mkono mmoja mnene unateleza wote unaishia kwenye majivu.

Na chumvi iliyo nje ya sosi msiisahau. Umetengeneza sosi ya sodiamu miligramu 30, halafu nyama umeichovya kwenye maji ya chumvi tangu asubuhi na kachumbari ina kijiko kizima. Kijiko cha chai cha chumvi kina sodiamu miligramu 2,300 hivi. Sosi itafanya nini hapo?

MamaLishe_Tanga

Kweli kabisa, na wengine wanaweka kile kichungu cha chumvi katikati ya meza kila mtu achovye. Mwenye presha kipande chake kipakwe ndimu na pilipili manga tu, mtu asijue tofauti.

Za kuhifadhi: chupa ya kioo iliyochemshwa dakika 10, mimina sosi ikiwa ya moto, friji. Ya nyanya na ya ukwaju wiki mbili. Ya hoho siku tano, kwa sababu hoho ina asidi kidogo na hatujatia chumvi wala sukari ya kuilinda. Ukitaka zaidi, igandishe kwenye vile vitrei vya barafu, kila kipande ni kama kijiko kimoja na nusu, hata hesabu ya mwenye kisukari inakuwa rahisi. Hakuna hata moja kati ya hizi ya kuacha kabatini.

Brashi iliyogusa kuku mbichi isirudi kwenye chupa. Mimina kiasi bakulini, kikibaki mwaga. Na wavu: kama umechomea mkate au soseji zenye ngano, usugue kwa brashi ya waya na uuache juu ya moto mkali kabla ya kuweka nyama ya huyo ndugu.

MzeeWaWavu

Basi mbuzi ni ukwaju bila sukari na siki pembeni, kuku ni hoho, nyanya nusu kipimo kwa waliobaki. Swali la mwisho: mbuzi mwenyewe amekomaa. Naweza kumlaza kwenye ukwaju usiku kucha alainike?

Kaa_la_Moto

Usiku kucha hapana, mkuu. Asidi haifiki ndani, inakaa nje na kuifanya nyama iwe ungaunga. Saa 2 hadi 4 kwa mbuzi, kuku saa moja. Kama amekomaa kweli, kuna papai bichi, kijiko kimoja cha chakula kwa kila kilo ya nyama, paka kwa saa moja, lifute, ndipo uchome. Ukilisahau huko mpaka jioni, nyama itakuwa laini kama ini lililopondwa na itadondokea kwenye makaa.