Bakteria anajuaje katikati ya mwili wake ni wapi?

Mwalimu_Kidato5

Wanajukwaa, salaam. Ninafundisha biolojia kidato cha tano, na wiki iliyopita mwanafunzi mmoja aliniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake. Nilikuwa nimechora ubaoni seli ya bakteria kama tulivyozoea kuichora sote: ukuta, utando, uzi wa DNA uliojikunja, na nukta nyingi za ribosomu zilizotapakaa kila mahali. Nikaeleza kwamba bakteria hana kiini, na kwamba huzaliana kwa kujigawa katikati. Binti akanyoosha mkono: "Mwalimu, kama ndani hakuna mpangilio, anajuaje katikati ni wapi?" Nilimwahidi jibu. Naomba msaada, na kwa kuwa baadhi ya wanafunzi wangu wanautamani utafiti, wenye uzoefu wa maabara watueleze pia kazi yenyewe ilivyo.

Mtafiti_Seli

Mwalimu, naomba umfikishie binti huyo pongezi zangu, kwa sababu kasoro iko kwenye mchoro, si kwenye swali lake. Mchukue Escherichia coli: urefu wake ni mikromita 2 hivi, ilhali DNA yake, yenye jozi za besi zipatazo milioni 4.6, ikinyooshwa hufikia takriban milimita 1.6, yaani mara mia nane ya urefu wa mwenyewe. Chakula kikiwa tele, seli hiyo hugawanyika kila baada ya dakika 20 hivi, na kila mtoto hutoka na nakala yake kamili. Mfuko uliojazwa vitu shaghalabaghala hauwezi kufanya hivyo.

Mwaka 1991, Erfei Bi na Joe Lutkenhaus walionyesha kwamba protini iitwayo FtsZ hujipanga kama pete mahali hasa seli itakapogawanyikia, na pete hiyo ndiyo inayoongoza ujenzi wa ukuta mpya. Kinachoizuia pete isijengwe kwenye ncha ni protini tatu: MinC, MinD na MinE. MinD hujishikiza kwenye utando wa ncha moja ikiwa imembeba MinC, ambaye ndiye adui wa FtsZ. MinE hufuata nyuma na kuibandua. Iliyobanduliwa huelea hadi ncha ya pili, ikajishikiza tena huko, na safari hiyo ya kwenda na kurudi huchukua takriban dakika moja. Raskin na de Boer waliiona kwa hadubini mwaka 1999, baada ya kuiunganisha MinD na protini inayong'aa kijani.

Darasani waweza kuwaambia wamfikirie mtoto aliyeachwa kulinda mpunga ulioanikwa kwenye jamvi refu, ambaye husimama ncha hii, kisha hukimbilia ncha ile na kusimama huko. Kuku watakaopata nafasi ya kudonoa ni wale wa katikati, na ndivyo pete ya FtsZ nayo inavyopata nafasi katikati ya seli. Jeni hizo za Min zikiharibika, seli hujikata karibu na ncha na kutoa viseli vidogo visivyo na DNA, na jina Min lenyewe limetokana na viseli hivyo.

Mwalimu_Kidato5

Nimeshukuru sana. Je, bakteria wote hutumia njia hiyo?

Dada_wa_Maabara

Hapana, Mwalimu. Bacillus subtilis hana MinE kabisa. Yeye ana protini iitwayo DivIVA, ambayo hukaa kwenye ncha na kwenye ukuta mpya unaojengwa, na kwa msaada wake MinD hubaki hapo bila kwenda na kurudi.

Kuhusu kazi yenyewe, mimi niko mwaka wa pili wa uzamili, na sehemu kubwa ya siku zangu ni kusubiri. Bakteria hupandwa jioni, asubuhi huhamishiwa kwenye mchuzi mpya, kisha kila nusu saa napima jinsi mchuzi unavyozidi kuwa na weupe kwa wingi wa bakteria, mpaka wafikie hatua ninayoitaka. Hapo naweka tone dogo juu ya kipande cha jeli ya agarosi chembamba kama kucha, nafunika kwa kioo, nasubiri waache kuelea, ndipo napiga picha, nikirekebisha lenzi kila baada ya dakika chache kwa sababu joto la chumba likibadilika kidogo tu, seli hupotea machoni. Mwaka jana umeme ulikatika saa nane usiku, na kazi ya siku nne ikaishia hapo. Nililia, kisha nikapanda upya.

Lakini jambo ambalo ningependa wanafunzi wako walijue mapema ni habari ya MreB, protini inayosaidia bakteria wengi kuwa na umbo la fimbo. Kwa miaka kadhaa ilichorwa kama uzi mrefu unaojizungusha mwili mzima. Mwaka 2011 makundi matatu ya watafiti yakaonyesha kwamba ni vipande vifupi vinavyotembea kuuzunguka mwili, vikiendeshwa na ujenzi wa ukuta wenyewe. Na mwaka uliofuata ikabainika kwamba, katika aina mojawapo ya E. coli iliyokuwa ikitumika, uzi ule ulisababishwa na protini inayong'aa waliyoiunganisha ili waione. Tangu nilipofundishwa hilo, sipigi picha bila kuweka kando seli zisizo na rangi yoyote, ili nijue kama zinakua sawasawa na hizi zangu.

Kama shule yenu ina hadubini yenye lenzi ya mafuta ya mara 100, paka maziwa mgando kidogo sana kwenye kioo, yaache yakauke, yapitishe juu ya moto haraka, kisha tia rangi ya bluu ya methilini na uisuuze baada ya dakika moja. Mwambie binti atafute fimbo mbili zilizoshikana kwa ncha, kwa sababu hizo huwa zimetoka kugawanyika.