Tajiri mkubwa wa Seattle, Marekani anasema matajiri sio wanaotengeneza ajira, mimi mwenye duka nasema yuko sahihi. Tujadili

Wakuu habari za jioni. Hili jambo limenikaa kichwani tangu juzi tulipobishana hapa nje ya fremu, jirani yangu anayeuza vifaa vya ujenzi alisema tajiri asiguswe kodi kwa sababu yeye ndo anatuletea ajira, ukimbana anafunga anaondoka na wote tunalala njaa. Nikamtajia Nick Hanauer, hamjui, wengine pia hawamjui, nikaona nilete hapa tujadili kwa nafasi.

Hanauer ni Mmarekani wa Seattle, ni mfanyabiashara haswa. Familia yao ilikuwa na kiwanda cha mito na matandiko ya manyoya ya ndege, yeye mwenyewe akawa mmoja wa watu wa kwanza kuweka hela Amazon, lile duka la mtandaoni, wakati hakuna anayeijua, alafu akaanzisha na wenzake kampuni ya matangazo ya intaneti, aQuantive, ambayo Microsoft waliinunua mwaka 2007 kwa zaidi ya dola bilioni 6. Yaani huyu ubepari umemlipa kuliko karibu binadamu wote. Sasa mwaka 2014 akaandika barua ya wazi kwa matajiri wenzake kwenye jarida la Politico, akawaambia tukiendelea kukusanya kila kitu sisi wachache huku wengine wanadidimia, iko siku watu watatufuata majumbani na zana za shamba mkononi.

Hoja yake kubwa ni rahisi mpaka inauma. Anasema kipato chake ni kama mara elfu ya Mmarekani wa kawaida, ila hanunui suruali mara elfu, familia yake ilinunua gari tatu tu sio elfu tatu, na mto hata uwe tajiri vipi unalalia mmoja au miwili. Kiwanda cha mito kinahitaji mamilioni ya watu wenye uwezo wa kununua mto. Kwa hiyo anayeleta ajira ni mteja, na mwenye kiwanda anaajiri pale anapozidiwa na wateja, vinginevyo hana sababu.

Mimi hii sikuisoma chuo, nimeiona kwenye daftari langu la madeni. Duka langu liko karibu na kiwanda kimoja (sitakitaja), kuna mwaka walichelewesha mishahara miezi mitatu. Mwezi wa kwanza nikakopesha maana ni watu nawafahamu. Mwezi wa pili aliyekuwa anachukua unga kilo tano akawa anachukua kilo, mche wa sabuni ukawa kipande, sukari robo, mafuta ya kupima. Mwezi wa tatu daftari limejaa, wa jumla ananidai, nikakaa na kijana aliyekuwa ananisaidia dukani nikamwambia mdogo wangu sina cha kukulipa. Alikuwa na mtoto wa miezi minne. Naomba mnielewe hapa, mwaka ule hakuna kodi iliyopanda na hakuna sheria ya kazi iliyobadilika, kijana alikosa kazi kwa sababu watu mia kadhaa walikosa hela ya unga. Na mwenye kiwanda gari yake ilikuwa inapita hapa hapa kila asubuhi, miaka yote hiyo hajawahi kununua kwangu hata kiberiti.

Kwa hiyo mtu akiniambia mshahara wa mfanyakazi ni hasara kwenye uchumi namshangaa, mshahara wa kule ndo mauzo yangu huku. Henry Ford, mwenye kiwanda cha magari Marekani, alipopandisha malipo mpaka dola 5 kwa siku mwaka 1914 matajiri wenzake walimuona kachanganyikiwa, lakini watu waliacha kumkimbia kiwandani, na Hanauer anapenda sana kuutaja huo mfano.

Tuje kwenye vitendo. Karibu na Seattle kuna mji mdogo unaitwa SeaTac, uwanja wa ndege uko hapo, na wanaobeba mizigo na kusukuma viti vya magurudumu wengi ni watu wa kutoka huku kwetu Afrika Mashariki na Pembe ya Afrika, Wasomali hasa. Novemba 2013 wananchi walipiga kura kima cha chini cha wafanyakazi wa uwanja huo na mahoteli kiwe dola 15 kwa saa, ikapita kwa tofauti ya kura 77 tu! Mwaka uliofuata Seattle yenyewe ikapitisha dola 15 kwa kupanda taratibu, Hanauer akiwa mmoja wa waliopigia debe. Mwaka 2025 Seattle ilikuwa dola 20.76, wakati kima cha chini cha taifa zima la Marekani kimekaa dola 7.25 tangu 2009, miaka yote hiyo na bei zote zilivyopanda.

Sitaficha upande wa pili. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington walitoa ripoti wakasema kazi za mishahara ya chini Seattle zimepunguziwa masaa, kiasi kwamba baadhi ya watu mwisho wa mwezi wanapata pungufu. Karibu siku hizo hizo wenzao wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley wakaangalia migahawa wakasema ajira hazikupungua. Wale wa kwanza walilaumiwa kwa kuacha nje makampuni yenye matawi mengi, yaani wale wakubwa. Nimezisoma hoja zote mbili na naona kubanwa masaa ni jambo la kweli kwa baadhi, hasa wanaoanza kazi, ila ule utabiri kwamba mji utakufa haukutokea, watu wanaendelea kufungua migahawa.

Kodi sasa. Mwaka 2011 Warren Buffett, bilionea wa uwekezaji Marekani, mwenyewe aliandika kwamba amelipa kodi ya serikali kuu 17.4% ya kipato chake kinachotozwa, wakati wafanyakazi wa ofisini kwake wastani wao ulikuwa 36%. Karani anakatwa mara mbili ya bosi! Na 2021 waandishi wa ProPublica walionyesha kwamba Jeff Bezos, mwanzilishi wa Amazon, kuna miaka miwili, 2007 na 2011, hakulipa kabisa kodi ya mapato ya serikali kuu, na hakuvunja sheria yoyote. Utajiri wake ni hisa, hisa zikipanda bila kuuzwa haihesabiki ni mapato. Mimi ninayeuza chumvi nakadiriwa kila mwaka.

Matumizi ya serikali ndo sehemu ngumu, na hapa jirani yangu ana hoja. Anasema ukiipa serikali hela inakwenda kwenye magari na posho. Kweli, na Marekani yenyewe mwaka wa fedha 2024 ililipa riba ya madeni kubwa kuliko hela ya jeshi lao. Riba hiyo inakwenda kwa nani kama sio kwa wenye mitaji wanaoikopesha? Lakini wakuu mnakumbuka hapa kwetu Tanzania enzi za Magufuli, vyuma vimekaza, yaani hela ngumu mtaani. Serikali ilipozuia mikutano kwenye mahoteli na kuhamisha hela za mashirika ya umma kutoka benki za biashara kwenda Benki Kuu, ubadhirifu ulibanwa na nilishangilia, ila mtaani hela ilikauka, mpishi wa hoteli na mama aliyekuwa anauza nyanya hotelini waliumia kabla ya fisadi yeyote. Nilichojifunza mimi ni kwamba tusibishane tu serikali itumie nyingi au kidogo, tuulize hela inatua wapi. Ya mwalimu na nesi inalala dukani ndani ya wiki. Mei Mosi 2025 pale Singida Rais alipotangaza kima cha chini cha watumishi wa umma kutoka 370,000 kwenda 500,000 kuanzia Julai, mimi niliongeza oda ya mchele, na sikuijutia.

NAONGEZEA maana wadau wawili wamejibu vizuri.

Wa kwanza anauliza kama Hanauer anaamini hayo mbona asigawe hela zake akae kimya. Mkuu, mimi nikimlipa kijana wangu laki tatu na fremu ya pili wanalipa laki na nusu, sukari yangu itabidi ipande na wateja watahamia kule, nitafunga na wema wangu. Ndo maana anadai sheria itubane wote siku moja. Huruma ya mtu mmoja mmoja ukiiweka sokoni inaliwa na mshindani asiye na huruma.

Wa pili ametaja Bezos, kwamba jimbo la Washington, ambako Seattle iko, liliweka kodi ya 7% kwenye faida kubwa za mauzo ya hisa na 2023 jamaa akatangaza anahamia Miami. Ni kweli alihama, mwenyewe alisema anawafuata wazazi na kampuni yake ya roketi, kila mtu aamini anavyoona. Lakini malizieni hadithi, kodi ile mwaka wake wa kwanza ilikusanya mamia ya mamilioni ya dola kwa ajili ya elimu na malezi ya watoto wadogo, na Novemba 2024 wananchi walipoulizwa kwa kura kama ifutwe, karibu theluthi mbili walikataa. Aliondoka tajiri mmoja mkubwa sana na kodi imebaki inakusanywa.

Ninachotaka kusikia sasa ni kutoka kwa wenye biashara zilizo na watu wengi kuliko mimi, karakana, mabasi, saluni, shule za binafsi. Yupo aliyewahi kupandisha mishahara bila kulazimishwa? Ilikuwaje miezi sita baadaye, watu walibaki, mauzo yalikwendaje? Na yule aliyejaribu akashindwa naye aje aseme kilichomuangusha, kama ni kodi ya fremu, kama ni riba ya benki. Kijana wangu nilimrudisha dukani baada ya mwaka, mwezi ujao nataka kumuongeza elfu hamsini na bado napiga hesabu.