Mkimbiaji akimgonga mlinzi bila kukusudia, je, mwamuzi amtoe?

Wanamjadala, hoja iliyowekwa mbele yetu ni kwamba mwamuzi wa besiboli au softiboli asimtoe, yaani asimkatishe mbio na kumrudisha benchi, mkimbiaji aliyemzuia bila kukusudia mlinzi, yule mchezaji wa timu pinzani anayeufuata mpira, kwa kuwa ajali si kosa. Mimi naipinga.

Jumamosi iliyopita, katika uwanja wa shule moja hapa Eastlands, msichana alikuwa akikimbia kutoka besi ya kwanza, kimoja cha vituo vinne vya kukimbilia, kwenda ya pili, macho yote kwa kocha wake. Mpira uliopigwa ulikuwa ukibiringika vumbini, na mlinzi wa timu pinzani ameinama kuuokota, glavu ikigusa ardhi. Wakagongana, bega kwa kichwa. Mwamuzi alisimamisha mchezo, akainua ngumi, akamtoa mkimbiaji. Wazazi wakapaza sauti kwamba mtoto hakukusudia. Kweli hakukusudia. Lakini kwa mpira uliopigwa sheria haiulizi nia: mlinzi anayeuokota ndiye mwenye njia, na ni juu ya mkimbiaji kumkwepa. Nia huulizwa pale mkimbiaji anapouzuia mpira uliorushwa na mlinzi. Naiona tofauti hiyo kuwa ya haki, maana aliyeinama kuufuata mpira hana nafasi ya kujikinga wala ya kumtazama anayemjia kwa kasi.

Nakiri kwamba kuna mahali sheria hii inauma. Tarehe 23 Mei 2024, mjini Chicago, timu ya White Sox ilikuwa nyuma 8-6 dhidi ya Orioles katika awamu ya tisa, ya mwisho. Mpira ulipaa ndani ya almasi, eneo lililo kati ya besi nne, mpigaji akatangazwa kuwa ametoka hata kabla haujadakwa, kisha Andrew Vaughn, aliyekuwa akirudi besi ya pili, akatolewa kwa kumzuia Gunnar Henderson wa Orioles, ingawa Henderson aliudaka mpira huo. Huyo akawa wa tatu kutolewa, idadi inayofunga awamu, na mechi ikaishia hapo. Hata kwa tukio hilo, swali ninalotaka mwamuzi ajiulize ni kama mlinzi alizuiwa kweli kuucheza mpira, kwani hilo huonekana kwa macho, ilhali yaliyo moyoni mwa mkimbiaji hayaonekani.

Ninachowaomba waamuzi wetu wa Nairobi ni kwamba, wakishatoa uamuzi wa aina hii, wawaite makocha wote wawili na kuwatajia walichokiona. Siku ile mwamuzi alirudi mahali pake kimya, na mama mmoja akamshika bintiye mkono wakaondoka, wakiamini kwamba wameonewa.