MREJESHO: Ile desktop iliyokuwa inajizima yenyewe

Habari wakuu, nilileta hapa shida ya kompyuta ya nyumbani kujizima ghafla, mara inazima jumla mara skrini ya bluu, hasa dogo akianza gemu mchana.

Aliyesema nifungue kava niangalie vumbi, mkuu ubarikiwe. Vumbi la huku Nkuhungu, Dodoma, kiangazi mnalijua, ile hitisinki (chuma cha kupoza prosesa) ilikuwa imeziba kama zulia na pesti ya kupitisha joto iliyo juu ya prosesa imekauka inabanduka vipande. Nikapuliza, nikapaka pesti mpya, joto la gemu likashuka kutoka nyuzi 95 hadi 70 na kitu, kuzima jumla kukaisha hapo hapo.

Ila skrini ya bluu ikabaki. Kupiga Windows upya hakukusaidia chochote (samahani mliosisitiza). Nikaweka Memtest86, programu ya kupima ramu (kumbukumbu ya muda ya kompyuta), usiku kucha, asubuhi nakuta mistari myekundu ya makosa kibao, nikapima ramu moja moja, moja ndo mbovu, hata kuisugua miguu kwa raba wapi. Nimeitoa, natumia iliyobaki, mashine nzito kidogo ila haigomi.

Bado umeme ukicheza inajiwasha upya, Event Viewer (daftari la matukio la Windows) inaandika kosa la Kernel-Power 41, na hiyo haikwambii chanzo, inasema tu mashine ilizima bila utaratibu. Hela ikipatikana nachukua UPS (kifaa chenye betri cha kushikilia umeme ukikatika). Fundi mmoja wa mjini alitaka tubadilishe mazabodi (bodi kuu ya kompyuta) nzima, nikamwambia ngoja kwanza.

Asanteni sana wote.