Dar hadi Mbeya kwa Toyota IST: kipi kinaweza kunishtukiza njiani?

Mgeni_wa_Nyanda: Wakuu, nakwenda Mbeya na familia kwa IST ya otomatiki. Oili na taa ziko sawa. Nauliza yale ambayo mtu hayategemei: hifadhi ya Mikumi, mlima wa Kitonga, usiku. Nitoke saa ngapi?

Fundi Breki: Kitonga ukienda unapanda, kwa hiyo cha kuangalia ni geji ya joto, na lori linaloshuka upande wako kwenye kona. Usiovateki pale hata kama lori la mbele linatambaa. Breki zitakuumbua siku ya kurudi. Kabla hujaanza kushuka, zima O/D (kitufe cha gia ya juu kabisa), weka gia 2. Gari likizidi kukimbia, punguza mwendo kwanza ndipo uweke L (gia ya chini kabisa). Breki kanyaga kwa nguvu kwa muda mfupi, achia, rudia. Ukiikalia mguu mteremko mzima, pedi zinaungua, na maji ya breki ya zamani yaliyonyonya unyevu yanachemka; pedeli inazama bila kushika. Kama yana zaidi ya miaka 2, badilisha yote, usiongezee tu. Na kuweka N (nyutro) ili kubana mafuta ni kujitakia. Ukisikia harufu ya kuungua, simama pa usalama upumzishe gari, wala usimwagie maji, diski itapinda.

Mzee wa Spea: Tairi usizitazame kashata (meno) tu. Ubavuni tafuta tarakimu 4 za mwisho za namba ya DOT, zinaonyesha tairi ilitengenezwa lini: 2316 ni wiki ya 23 ya mwaka 2016. Tairi ya namna hiyo inaweza kuwa na kashata nzuri na bado ikapasuka kwa joto. Upepo pima asubuhi kabla hujatembea, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva. Spea nayo ipimwe.

Mgeni_wa_Nyanda: Na usiku je?

Tochi_Inakuona: Usiku usitembee, mkuu. Toka saa 10 alfajiri, ni kama kilomita 830. Ikishindikana, lala Iringa. Watu wanaogopa tembo wa Mikumi, na kweli barabara inakatiza hifadhini kama kilomita 50, ila mchana ukifuata vibao unamwona mapema. Kinachoua ni lori bovu lililoachwa njiani bila taa. Ukiona matawi yametandazwa lami, punguza hapo hapo, lori liko mbele. Na wewe ukiharibikiwa usitegemee majani: weka pembetatu mbali, abiria watoke wakae nje kabisa ya barabara.

Halafu indiketa za malori: kulia maana yake usipite, kushoto pita. Lakini ya kulia yaweza pia kuwa anakata kona, na ya kushoto anaegesha. Usipite mpaka uone mwenyewe.

Vijijini mwendo mwisho ni 50 kwa saa, na tochi za trafiki za kupima mwendo hukaa baada ya kibao.

Fundi Breki: Naongezea: rejeta ikichemka Kitonga, usifungue mfuniko mpaka ipoe.