Naomba ushauri: utafiti wa pamoja kuhusu ardhi ya wanawake Burundi, nisaini mkataba huu?

BintiUjiji:
Wakuu, habari za majukumu. Naombeni ushauri, hasa kwa mliowahi kufanya utafiti na washirika wa nje.

Mimi ni mhadhiri hapa Tanzania. Tuko vyuo vitatu: chetu, kimoja cha Bujumbura, na kimoja cha Ulaya ambacho ndicho kilicholeta fedha. Tunachunguza wanawake waliorudi Burundi kutoka kwenye makazi ya wakimbizi huku kwetu wameambulia nini upande wa ardhi. Eneo ni Rumonge na Nyanza-Lac, kando ya Ziwa Tanganyika. Wakimbizi waliokimbia mauaji ya 1972 waliporudi kwa wingi kuanzia 2008 walikuta mashamba yao yana wenyewe wengine, michikichi imeshazaa miaka na miaka. Mimi niliingizwa kwa sababu wengi wa wanawake hao wamekulia kwenye makazi ya Katumba, Ulyankulu na Mishamo, na Kiswahili wanakizungumza bila shida.

Dodoso limekuja limeshapikwa. Ukurasa wa kwanza unataka jina, namba ya simu na alama ya GPS ya shamba. Mbele kidogo kuna swali: "Je, kaka zako wanakuzuia kurithi ardhi?" Linajibiwa ndiyo au hapana, nyumbani kwa mhojiwa, na sauti inarekodiwa. Tulipolijaribu, kaka mtu alivuta kiti akakaa nasi barazani. Dada mtu akajibu hapana, haraka, hata swali halijaisha. Kaya zilizofuata mambo yakawa yale yale.

Mwenzangu wa Bujumbura aliandika kuonya kwamba swali hilo linaweza kumharibia mtu kwao. Akajibiwa kwamba mbinu imeshapitishwa na mfadhili, haibadiliki. Mkataba nao unasema data zote zinakaa Ulaya, na sisi wawili tunatajwa kama "waratibu wa uwandani", si waandishi. Sahihi inatakiwa Ijumaa. Nikikataa, namwacha mwenzangu peke yake. Nikisaini, najua tutakachokusanya si kweli. Ungekuwa wewe ni mimi, ungefanya nini?

Kasimu_Mwandiga:
Dada, saini. Fedha za utafiti hazipatikani kirahisi. Halafu tuseme ukweli, haya mambo ya usawa wa jinsia ni ajenda ya wafadhili. Wanawake wa kule wana shida ya chakula, si ya hati.

Mama Mkubwa wa Nyanza:
Kasimu kaka yangu, hapo sikubaliani nawe kabisa. Julai 2000, kabla mkataba wa amani haujasainiwa Arusha tarehe 28 Agosti, wanawake wa Burundi kutoka vyama vilivyokuwa vinajadiliana walikutana Arusha hapo hapo, wakapeleka madai yao kwa Mzee Mandela, msuluhishi wa mazungumzo hayo. Ardhi na urithi vilikuwemo. Hakuna mzungu aliyewatuma kudai. Hicho chakula unachokisema kinalimwa wapi kama si kwenye ardhi?

BintiUjiji mwanangu, mimi ni Mrundi, nimezaliwa ukimbizini na nimerudi, kwa hiyo ninachokueleza nakiishi. Sheria ya kuandikwa kuhusu urithi hatuna. Rasimu imezunguka miaka mingi haijafika mwisho. Katiba inasema mwanamume na mwanamke ni sawa, lakini itongo la baba, yaani ardhi ya ukoo, linafuata mila, na mila inawapa wana wa kiume. Binti anapewa kipande cha kulima tu, igiseke, na akifa kinarudi kwa kaka zake. Mahakama nyingine zimewahi kuwapa mabinti sehemu, ila ufike huko mahakamani kwanza.

Sasa sikiliza kwa nini yule dada alijibu hapana. Ndoa ikivunjika, au mume akifa na wakwe wakamgeuka, atarudi wapi? Kwa kaka yake. Kaka ndiye akiba yake. Ukimuuliza kama kaka anamzuia, unamwambia aichome akiba hiyo mbele ya kinasa sauti. Hasemi uongo kwa sababu hajui haki yake. Anajua vizuri sana, na amepiga hesabu.

Waliorudi hali yao ni ngumu zaidi. Kaka mwenyewe anagombania shamba na aliyelikuta, kesi imepita kwenye ile tume ya ardhi iliyoundwa 2006, mwishoni wamegawana nusu kwa nusu. Nusu hiyo wana wanne wa kiume wanaitolea macho. Binti atafungua mdomo saa ngapi?

Uliza mengine. Nani alilima msimu uliopita? Nani aliuza mawese, na fedha akashika nani? Shangazi yenu alipoachika alipewa wapi pa kulima? Hilo la shangazi watalijibu hata kaka akiwepo, na humo ndimo utakapoipata habari yote.

Mtunza Data:
Naongezea upande wa karatasi. GPS ya shamba kwenye eneo lenye kesi ni hatari, wala haihitajiki. Andika jina la kolini tu, yaani kilima, ngazi ya chini kabisa ya utawala Burundi, inatosha. Majina na simu yasikae faili moja na majibu. Tumia namba, na orodha inayounganisha namba na majina ibaki Bujumbura kwa mtu mmoja. Ridhaa ichukuliwe kwa mdomo, kwa sababu karatasi yenye sahihi ikionekana nyumbani inaleta maswali.

Uandishi wa makala ukubaliwe kwa majina kabla hamjaingia uwandani. Baadaye hutapata. Na "mfadhili ameshapitisha" si mwisho wa maneno. Waombe kamati ya maadili ya chuo chao isome matokeo ya lile jaribio lenu. Kamati ikishaona kwamba mhojiwa anajibu akiwa chini ya macho ya kaka yake, haiwezi kunyamaza.

Kasimu_Mwandiga:
Mama Mkubwa, hilo la akiba sikuwa nimelifikiria. Ila lile sharti la asilimia 30 ya wanawake kwenye bunge la Burundi tangu 2005 halijasaidia?

Mama Mkubwa wa Nyanza:
Limesaidia juu. 2010 likashuka hadi kwenye mabaraza ya komine, ngazi iliyo juu ya kolini, na wanawake tuliowachagua tunawajua. Lakini kwenye kolini, uchaguzi wa 2010 na wa 2015, sharti hilo halikuwepo, na kolini ndiko mashamba yanakoamuliwa. Wanaokaa kusikiliza kesi ya mpaka wengi ni wanaume, na baadhi yao ni wajomba wa huyo huyo kaka.

BintiUjiji:
Nimesoma yote na mwenzangu pia amesoma. Mkataba hatuusaini kama ulivyo. Barua inaondoka leo ikiwa na sahihi zetu wawili: GPS itoke, maswali ya nyumbani yaandikwe upya Rumonge pamoja na wanawake wenyewe, nakala ya data ibaki Bujumbura, na majina yetu yawe ya waandishi. Taarifa ya jaribio tunaiambatanisha, na nakala inakwenda kwa kamati yao ya maadili. Wakikataa tunajitoa wote wawili.

Mama Mkubwa, nimekutumia ujumbe wa faragha. Maswali mapya sitaki kuyaandika bila wewe, na bajeti ninayoomba ina malipo ya kazi yako.