Naomba ushauri: mkuu wa shule amenizuia kuwafundisha wanafunzi wa kidato cha pili

BintiWaChamwino: Habari zenu wakubwa kwa wadogo. Nimehitimu ualimu Chuo Kikuu cha Dodoma na bado nasubiri ajira. Kila Jumamosi nimekuwa nikijitolea kufundisha Hisabati kidato cha pili katika shule moja ya kata wilayani Chamwino. Ghafla mkuu wa shule ameniambia nisitishe, ilhali upimaji wa taifa ni Novemba na asiyefaulu hukariri kidato. Watoto hawa wamesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha wakapokewa na Kiingereza. Yupo mmoja ambaye nikimsomea kwa Kiswahili swali la kugawanya magunia ya mtama kwa uwiano, analikokotoa ubaoni bila kusita. Nikimpa swali hilohilo kwenye karatasi ya mtihani, anaandika jina lake na kuacha nafasi ya jibu tupu. Nifanyeje niruhusiwe kuendelea?

KakaWaMpwapwa: Dada, usiwaache. Mimi ni zao la shule za kata zilizofunguliwa kwa wingi baada ya MMES, yaani Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, kuanza mwaka 2004, na mwalimu wa Fizikia hatukumpata hadi tunamaliza. Kijana mmoja wa kidato cha sita, akiwa likizo, ndiye aliyetukalisha chini ya mbuyu akatufundisha nyenzo kwa mti wa jembe na jiwe. Swali la nyenzo lilipotokea kwenye mtihani, nililijibu nikiliona lile jiwe.

MwalimuMstaafu: Binti yangu, mkuu wa shule mwenye upungufu wa walimu wa Hisabati hamfukuzi anayefundisha bure. Alikupa sababu gani? Na ulikuwa na barua?

BintiWaChamwino: Shikamoo Mwalimu. Barua sikuwa nayo, tulikubaliana kwa mdomo. Sababu aliyoitoa ni kwamba wazazi hunipa shilingi 1,000 kila mmoja kwa wiki. Fedha hiyo ni ya bodaboda na kutoa nakala za maswali, na hakuna mtoto niliyemrudisha kwa kuikosa. Tena mwalimu mmoja wa hapohapo hutoza tuisheni ya jioni na hakuna anayemuuliza. Nimekwisha kukubaliana na mzazi mmoja tuhamie sebuleni kwake kila Jumapili, na watoto wameshajulishwa, kwa hiyo sioni kosa.

MamaZabibu: Mwanangu, kujitolea hakuendi na malipo, hata yawe kidogo kiasi gani. Na Jumapili waacheni watoto waende ibadani.

MwalimuMstaafu: Marahaba. Jambo lenyewe ndilo hilo ulilokuwa umelificha. Elimu katika shule za umma ni bila malipo hadi kidato cha nne tangu mwaka 2016, na hadi kidato cha sita tangu mwaka 2022; fedha ikichangwa kwa ajili ya somo lililofundishwa ndani ya uzio wa shule, atakayeulizwa ni mkuu wa shule, si wewe. Andika barua ya kuomba kujitolea, nakala kwa Afisa Elimu Sekondari wa halmashauri, useme wazi kuwa hutapokea fedha. Omba nakala za maswali zitolewe shuleni. Kisha kaa na mwalimu wa somo akuonyeshe mada alizofikia, maana watoto wakifundishwa njia mbili zinazogongana, wataumia wao.

Mdadisi: Mimi siamini. Alianza na kujitolea, sasa kuna fedha. Kesho ataleta namba ya simu tumchangie. Simulizi za namna hii zimeshawaliza wengi. Ni mkuu gani wa shule anayempokea mtu bila barua?

KakaWaMpwapwa: Yule kijana wetu wa chini ya mbuyu naye hakuwa na barua.

MwalimuMstaafu: Ndugu Mdadisi, nimeongoza shule. Akija mhitimu wa Hisabati wakati darasa halina mwalimu, unamwonyesha ubao kwanza, barua mnaizungumza baadaye. Hapo ndipo matatizo haya huzaliwa.

BintiWaChamwino: Ndugu Mdadisi, sijaomba fedha hapa wala sitaomba. Nenda shule yoyote ya kata iliyo karibu nawe, uwape watoto swali moja kwa lugha zote mbili, kisha urudi useme kama nimetunga. Mwalimu, barua nitaipeleka Jumatatu, na wazazi nitawaambia wasitoe tena. Jumapili hii tu ndiyo sitaiahirisha, kwa sababu uwiano tuliuachia katikati na mwalimu wao ameshaingia mada nyingine.

MwalimuMstaafu: Basi mwombe huyo mzazi awepo sebuleni muda wote wa kipindi, na hilo uliandike katika barua.